Kilima cha Mrima na Imani Yetu katika Vipengele vya Mazingira

Katika maandishi ya sheria ya uwekezaji imezoeleka kudai kwamba mikataba ya zamani inahatarisha mazingira kwa kuwa haiyataji, na kwamba dawa ni kuiongezea kipengele cha kuyalinda. Watafiti wengi wa uzamivu huanzia hapo, na aghalabu hapo ndipo huishia. Mashauri mawili yananifanya niitilie shaka dawa hiyo.

Kilima cha Mrima, Kwale, kina niobiamu na madini mengine adimu. Ni msitu wa hifadhi pia, na kwa Wadigo ni kaya, yaani msitu mtakatifu. Machi 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni maalumu ya uchimbaji. Agosti mwaka huohuo waziri akaifuta. Kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, ikidai zaidi ya dola bilioni 2 chini ya mkataba wa Kenya na Uingereza wa 1999. Mkataba huo hausemi bayana kwamba uwekezaji lazima uwe umefuata sheria za nchi. Hata hivyo, katika tuzo ya Oktoba 2018 wasuluhishi waliliona sharti hilo limo. Mradi ungeondoa tani milioni 130 kilimani, na hapakuwa na leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kwa hiyo leseni ya uchimbaji ilikuwa batili tangu mwanzo, hapakuwa na uwekezaji wa kulindwa, na jopo halikuwa na mamlaka ya kusikiliza madai. Ombi la kubatilisha tuzo liligonga mwamba 2021.

Linganisha na Eco Oro dhidi ya Kolombia, shauri la kampuni iliyozuiwa kuchimba dhahabu katika nyanda za juu za Santurbán. Mkataba wa Kanada na Kolombia una ibara ya 2201(3), kipengele kilekile tunachokililia. Mwaka 2021 wasuluhishi walio wengi walisema ibara hiyo inairuhusu serikali kulinda mazingira, ila haiiondolei wajibu wa kufidia. Kolombia haikulipa fidia, lakini ni kwa sababu tuzo ya 2024 iliona hasara haikuthibitishwa. Ibara haikuiokoa.

Wako watakaosema Kenya ilinufaika na kosa la maofisa wake wenyewe waliotoa leseni. Hoja ina uzito, ila inasahau kwamba jopo lilipima ukubwa wa ukiukaji na kuona kunyimwa ulinzi kunalingana nao. Isitoshe, kampuni inayomudu mawakili wa kudai mabilioni inamudu pia kusomewa sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999.

Kwa maoni yangu, basi, NEMA imeilinda Mrima kuliko ambavyo kipengele chochote cha mkataba kingeweza. Kinga hiyo, hata hivyo, hufika mwisho pale mwekezaji anapokuwa na vibali vyote halali, kisha sayansi ikaonyesha kwamba serikali ilikosea kuvitoa. Huko tuzo ya Cortec haisemi kitu, na ndiko tasnifu zetu zingepaswa kuelekea.