Je, nyumba yako inamkinga mtoto dhidi ya joto? Jinsi ya kupima

Watoto wachanga, wajawazito na wazee huathirika haraka na joto kali. Mwili wa mtoto mchanga haujaweza kujipoza vizuri kwa jasho, naye hawezi kusema kwamba ana kiu. Kadiri miji inavyozidi kuwa na joto, chumba anacholala kinapaswa kuwa kinga yake.

Je, cheti cha jengo la kijani kinatosha?

Jengo la kijani hujengwa ili litumie rasilimali kidogo. Kwa mfano, cheti cha EDGE hutolewa kwa jengo linalookoa angalau asilimia 20 ya nishati na ya maji. Hilo ni jambo jema, lakini halikuambii chumba kitakuwa na joto kiasi gani umeme ukikatika. Kwa afya ya mtoto, kipimo muhimu ni joto la chumbani, hasa usiku.

Mfano wa Ahmedabad, India

Mwezi Mei 2010, wakati wa joto kali, vifo katika mji huu vilizidi kiwango cha kawaida kwa zaidi ya 1,300. Mwaka 2013 mji ulianza mpango wa kukabiliana na joto, na baadaye mapaa ya nyumba za watu wa kipato cha chini yakapakwa chokaa nyeupe. Paa jeupe hurudisha miale ya jua, na linaweza kupunguza joto la ndani kwa nyuzi 2 hadi 5.

Pima hivi nyumbani

- Weka kipimajoto cha chumbani karibu na anapolala mtoto, mbali na jiko na jua. Weka kingine nje, kivulini.
- Andika namba za ndani na nje saa nane mchana, saa tatu usiku na alfajiri, kwa siku saba.
- Ukishapaka paa rangi nyeupe, kuweka dari au kuongeza dirisha, pima tena siku saba.
- Linganisha tofauti ya ndani na nje, si namba ya ndani pekee. Huenda hali ya hewa tu ndiyo iliyobadilika.

Kama usiku ndani kuna joto kuliko nje, paa na kuta bado zinatoa joto la mchana. Ikiwa ni salama, fungua madirisha na mlaze mtoto ndani ya chandarua.

Wakati wa joto kali

Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji. Mvalishe nguo nyepesi na umpanguse kwa kitambaa chenye maji. Joto la chumba likizidi nyuzi 40, usimpepee kwa feni, kwani itamwongezea joto.

Mpeleke kituo cha afya mara moja ukiona mwili wa moto sana, ulegevu, kukataa kunyonya, utosi uliobonyea, mkojo kidogo sana au degedege. Endelea kumpoza mkiwa njiani.