Kete za Nyumba ya Kamari

Mtu atoapo noti mfukoni, mkono wake husita, kwa kuwa alikumbuka jasho lililoipata. Lakini mpe mtu huyo huyo kete za rangi zenye thamani ile ile, naye atazimwaga mezani kama achezaye bao. Tuitafute, msomaji, asili ya badiliko hilo.

Katika karne ya 18 matajiri wa Uingereza walicheza karata kwa kete za ganda la lulu, zilizochongwa China na kuletwa kwa merikebu. Nyingine zilikuwa na umbo la samaki, na nyingine zilichorwa alama ya ukoo wa mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuhesabia tu.

Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848, wachimbaji waliweka mezani vumbi la dhahabu na sarafu za kila namna. Kuvipima na kuvilinganisha kulichosha, na ugomvi haukuwa mbali. Baadaye wenye nyumba za kamari wakatumia kete za mfupa, za pembe ya ndovu, kisha za udongo uliokandwa na lakiri. Kwa kuwaogopa waghushi, zikatiwa michoro iliyo vigumu kuigwa.

Jimbo la Nevada, katika Marekani, liliruhusu kamari tena mwaka 1931, na mji wa Las Vegas ukawa mashuhuri kwa mchezo huo. Mchezaji hutoa fedha, hupewa kete. Amalizapo, huzirudisha kwa karani wa fedha. Kwa desturi ya huko, nyekundu ni dola 5, ya kijani dola 25, na nyeusi dola 100. Katika ruleti, mchezo wa gurudumu, kila mchezaji hupewa rangi yake mwenyewe ili kete zisichanganyike, nazo hazifai kwenye meza nyingine.

Je, kete ni mali ya nani? Kanuni za Nevada zasema kwamba ni mali ya nyumba iliyozitoa. Aliyeishika ana ushahidi wa deni tu. Desemba 2010 mtu mwenye silaha aliingia kasino ya Bellagio, akatoroka kwa pikipiki na kete za dola milioni 1.5 hivi. Nyumba hiyo ikatangaza kwamba kete zake za dola 25,000 za toleo lile zitakoma kupokewa mwezi wa Aprili 2011. Mwizi alishikwa akijaribu kuziuza. Alidhani ameiba fedha, kumbe aliiba ahadi, na mwenye ahadi aweza kuivunja.

Basi faida ya kete ni mbili: humpunguzia mwenye nyumba kazi ya kuhesabu, na humsahaulisha mchezaji kwamba apoteza fedha. Ya kwanza ni ya wote. Ya pili ni ya mmoja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nawe, msomaji, kila upewapo kitu badala ya fedha, uliza kwanza: ni nani aliyeahidi, na ni nani anayehesabu?