Ndege Ilianzia Chini ya Paa la Nani? Historia Fupi kwa Ajili ya Ghala Letu la Pamba

Ukurasa huu wa historia kwa kawaida huzungumzia watemi, shule za kwanza, misheni na visima. Mwaka huu unazungumzia ndege, na tunajua wapo watakaocheka. Chanzo chake ni ghala.

Wanachama wote mnalijua lile ghala la zamani la pamba ambalo chama kimekabidhiwa kulitunza. Mapendekezo yaliyofika mezani ni mawili. La kwanza ni kulipangisha kwa wafanyabiashara wa mpunga na dengu, tupate kodi ya kila mwezi. La pili ni kulifanya karakana ya vijana wetu, wale wanaochomelea makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, wanaounda matela ya trekta na wanaofufua pikipiki zilizokatiwa tamaa. Katika orodha ya kazi ambazo vijana wenyewe waliandika wangependa kujifunza, moja ilisema hivi: kuunda ndege ndogo ya watu wawili. Mjadala ulisimama hapo. Mzee mmoja akauliza kama ndege inaweza kuundwa kwenye ghala la pamba. Swali lake ni zuri, nasi tumelichukulia kama swali la historia.

Tuanze na kwetu. Watu wa Shinyanga na Geita hawajaanza jana kuona ndege. Dk. John Williamson alipogundua almasi Mwadui mwaka 1940, mgodi ulikua ukawa mji wenye hospitali, shule, umeme na uwanja wake wa ndege. Baadaye migodi ya dhahabu ya Geita, Bulyanhulu na Buzwagi nayo ikawa na viwanja vyake. Lakini ndege zote hizo zilikuja zikiwa zimekamilika. Zilitua ndani ya uzio na kuondoka ndani ya uzio, nasi tukazijua kwa matumbo yake tu. Hakuna kijana wa Maganzo aliyewahi kuitwa aone ubawa ukiwa umefunguliwa, mbavu zake zikihesabika. Kitu ambacho hujawahi kukiona kikiwa wazi ni rahisi kuamini kwamba hutengenezwa na watu wa aina nyingine.

Ufundi wenyewe haukuwa mgeni kwetu. Barongo wa upande wa Geita walikuwa wakiyeyusha chuma kabla ya mgodi wowote wa Mzungu, na majembe yao yalisafiri hadi Usukuma. Tanuri lao halikuwekwa katikati ya kijiji. Lilijengwa porini, kwenye udongo unaofaa na miti ya kutoa makaa, mbali na macho ya wapita njia. Fundi alichagua mahali kwanza, kazi ikafuata.

Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, hawakuwa na kiwanda. Walikuwa na duka la baiskeli katika mji wa Dayton. Watu wa Shinyanga, ambao baiskeli imetubebea mgonjwa, bibi harusi na magunia, tunapaswa kulitafakari jambo hilo kidogo. Injini ya ndege yao iliundwa humo dukani na fundi wao Charlie Taylor kwa muda wa wiki sita hivi. Sehemu ya kati ya mabawa ilipounganishwa ilikuwa pana kiasi cha kuziba njia kati ya chumba cha nyuma na cha mbele. Mteja akija, ilibidi mmoja wao atokee mlango wa pembeni, azunguke nje, ndipo amhudumie. Ndege nzima haikuweza kuunganishwa pale. Waliisafirisha vipande vipande hadi Kitty Hawk pwani, na huko ikaruka tarehe 17 Desemba 1903.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, ndege za kwanza za vita nazo zilitegemea mahali pa kubahatisha. Mwaka 1914 Waingereza walipokuwa wakiitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji, rubani Dennis Cutler alifanya kazi na ndege ya majini kutoka kisiwa kidogo cha Nyororo karibu na Mafia. Karakana yake ilikuwa ufukwe. Rejeta ilipomshinda, meli ilitumwa Mombasa ikarudi na rejeta ya gari aina ya Ford. Ndege ikapaa tena, na manowari ikaonekana. Mafundi wetu wa gereji za chini ya mwembe wataielewa habari hii bila kufafanuliwa.

Lakini kisa kinachotupa somo kubwa zaidi kuhusu mahali kinatoka gerezani. Katika Vita Kuu ya Pili, Wajerumani waliwafunga maofisa wasumbufu katika ngome ya Colditz, juu ya mwamba mrefu. Miongoni mwao alikuwamo Jack Best, rubani aliyekuwa mkulima Kenya kabla ya vita. Yeye na wenzake Bill Goldfinch, Tony Rolt na wengine waliamua kuunda ndege isiyo na injini ambayo ingewarusha watu wawili kutoka juu ya paa hadi ng'ambo ya mto. Waliiunda wapi, katika jengo ambalo walinzi walipekua kila kona? Darini, juu ya kanisa la ngome. Walijenga ukuta wa uongo kwa vibao vya madirisha, wakaupaka udongo uliotokana na vifusi vya darini humo humo, ukafanana na ukuta halisi. Walinzi walizoea kutafuta mahandaki chini ya sakafu. Kuangalia juu hakukuwajia akilini.

Vifaa vyao vingefaa kuandikwa ukutani kwenye karakana yetu. Mbao za vitanda na za sakafu zikawa mbavu za mabawa. Nyaya za umeme za vyumba visivyotumika zikawa nyaya za usukani. Vitambaa vya mifuko ya kulalia vikawa ngozi ya ndege. Na ili kitambaa kikaze na kuziba vitundu vyake, walikipaka uji wa nafaka ya jamii ya uwele waliyokuwa wakipewa kama chakula. Ndiyo, jamii ya uwele, ndugu zetu wa Shinyanga. Upana wa mabawa ulikaribia mita 10. Maarifa ya mahesabu waliyapata katika kitabu cha uundaji wa ndege kilichokuwa katika maktaba ya gereza lenyewe, na hapo mwenye kudharau maktaba ya shule zetu afikiri upya. Ngome ilikombolewa Aprili 1945 kabla ndege haijarushwa. Mwaka 2000 nchini Uingereza iliundwa nyingine kwa mfano ule ule, ikaruka vizuri.

Baada ya vita, kuunda ndege nyumbani kukawa jambo la watu wa kawaida huko Marekani. Mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake wa Milwaukee walianzisha chama cha waundaji hao, na wanachama wakawa wanafanya kazi katika mabanda ya magari na vyumba vya chini ya nyumba. Wako waliogundua mwishoni kwamba ndege imekamilika na mlango ni mdogo. Kinachotuhusu sisi zaidi ni Shule ya Mtakatifu Rita mjini Chicago, ambako wanafunzi wa sekondari, wakiongozwa na mwalimu wao, waliunda ndege yenye mabawa ya ngazi mbili katika karakana ya shule. Iliruka mwaka 1960.

Na majirani? Mwaka 2011 Chris Nsamba na vijana wenzake wa kujitolea walikuwa wakiunda ndege uani kwa mama yake, Ntinda, Kampala. Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta, aliunda yake kwenye kiwanja cha nyumbani, akashindwa mara nyingi na kuanza upya. Hapa Tanzania, mwaka 2016 habari zilienea za fundi wa Tunduma aliyekuwa akiunda helikopta kwenye gereji yake kwa injini ya gari. Vyombo vya habari viliwapenda kwa wiki moja, kisha vikawasahau. Hatuoni haja ya kuwafanya mashujaa, wala ya kuwacheka. Tunachoona ni kwamba wote walifanya kazi uani au gereji, penye mvua, vumbi na watoto, bila mkaguzi wa kuwaambia mapema kwamba kiungo fulani hakitahimili. Wakati huo huo, mjini Morogoro kampuni ya Airplanes Africa imekuwa ikiunganisha ndege ndogo za Skyleader chini ya paa la maana, na Watanzania wakishika spana.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye ghala, maana tofauti kubwa ni paa.

Maghala haya yana historia yake. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, chini ya uongozi wa Paul Bomani, walijenga ushirika wao wenyewe, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa Shirikisho la Victoria. Pamba ikajenga maghala na vinu. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, vikarudi miaka ya 1980, kisha soko huria la pamba likaja mwaka 1994 na wanunuzi binafsi. Maghala mengi yakabaki kwa popo. Lakini aliyeyajenga aliyajengea pamba, mali inayoogopa mvua na moto. Sakafu ni ya saruji iliyoinuliwa, kuta ni nene, hakuna nguzo katikati, na milango ni ya kuteleza, lori lipite. Mbao na gundi za ndege zinahitaji ukavu huo huo, na sakafu ya namna hiyo humchelewesha mchwa, ambaye kwetu hula mlango ukiwa umelala. Ubawa wa mita nne hulala sakafuni na watu wakauzunguka. Tena liko mbali kidogo na makazi. Anayegonga bati saa saba usiku katikati ya mtaa kwetu atapigiwa yowe, na sungusungu hawatauliza kama ni ndege.

Tuseme wazi pia mambo mawili. Hakuna ndege itakayoruka bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Mkaguzi hutaka kuona mbavu na viungo kabla havijafunikwa, hivyo ni lazima pawe mahali ambapo mtu wa Dar es Salaam anaweza kuja, kuingia na kukagua, si kichochoroni. La pili, ndege ya aina hii huchukua miaka. Wako wazazi walioshauri tuanze na mashine za kupukuchua mahindi na makarasha yasiyorusha mawe, na sisi kamati tunakubaliana nao. Orodha ya vijana nayo inaanza hivyo hivyo. Ndege iko namba saba.

Kodi ya wafanyabiashara ingekuwa ya uhakika zaidi, hatulifichi hilo. Fedha hizo zingelipa madawati. Wanaoitetea wana hoja, na mkutano mkuu utawasikiliza kabla ya kura. Ila mpangaji akishaingia na magunia yake, historia ya maghala ya jirani inaonyesha hatoki, na vijana wataendelea kuchomelea juani mbele ya maduka ya Kahama na Katoro, au watakwenda kuchimba maduara.

Kinachohitajika ili karakana ianze ni mabati ya upande wa magharibi yaliyong'olewa na upepo, umeme wa njia tatu, reli moja ya mlango iliyopinda, na vyoo. Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho. Mwenye fedha aandike kiasi, mwenye mabati aandike idadi, na wana-Geita wenye mashine za kuchomelea zisizotumika waandike aina na mahali zilipo, gari la chama litazifuata.