Upimaji wa unyevu wa udongo

Upimaji wa unyevu wa udongo ni kazi ya kujua kiasi cha maji yaliyomo katika udongo mahali fulani na kwa wakati fulani. Hufanywa kwa mkono, kwa vihisi vinavyochimbiwa ardhini, na kwa setilaiti. Matokeo yake hutumiwa na wakulima, wataalamu wa umwagiliaji, watabiri wa hali ya hewa na watafiti wa mazingira. Makala hii inaeleza njia za upimaji, matumizi yake katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, Tanzania, na namna ya kuandaa kongamano la kisayansi kuhusu teknolojia hiyo katika eneo kama hilo.

Maana na vipimo

Udongo una sehemu tatu: chembe ngumu, maji na hewa. Maji hukaa katika nafasi zilizo kati ya chembe. Kiasi chake hutajwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni asilimia ya ujazo: udongo wenye unyevu wa asilimia 25 una lita 25 za maji katika kila lita 100 za udongo. Njia ya pili ni nguvu ambayo udongo hutumia kuyashika maji, nayo hupimwa kwa kilopaskali. Kadiri udongo unavyokauka, ndivyo mizizi inavyolazimika kuvuta kwa nguvu zaidi.

Viwango viwili ni muhimu kwa mkulima. Kiwango cha juu ni kile cha udongo ulioshiba maji ya mvua, kisha maji ya ziada yakachuja kwa siku moja hadi tatu. Kiwango cha chini ni kile ambacho mmea hunyauka na hauwezi kupona hata usiku. Maji yaliyo kati ya viwango hivyo ndiyo akiba ya mmea.

Kwa mfano, tuseme kiwango cha juu ni asilimia 30 na cha chini ni asilimia 15, na mizizi mingi iko katika sentimita 40 za juu. Akiba yote ni asilimia 15 ya milimita 400, yaani milimita 60 za maji. Lakini mgomba huanza kuathirika mapema. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) unakadiria kwamba mgomba huweza kutumia takriban asilimia 35 tu ya akiba hiyo kabla ya kupungukiwa. Hiyo ni milimita 21. Ikiwa shamba linatumia milimita 4 kwa siku, akiba hiyo rahisi huisha kwa siku tano hivi. Ndiyo sababu mgomba unaweza kupata hasara siku nyingi kabla ya majani kuonyesha dalili.

Njia za upimaji

Kukausha na kupima uzito. Sampuli ya udongo hupimwa uzito, hukaushwa katika tanuri kwa nyuzi 105 za Selsiasi kwa saa 24, kisha hupimwa tena. Tofauti ya uzito ni maji. Njia hii ni ya kale na ya kuaminika, na njia nyingine zote husahihishwa kwa kulinganishwa nayo. Kasoro yake ni kwamba huchukua muda, na sampuli iliyotolewa haiwezi kupimwa tena mahali pale pale.

Tensiomita. Ni bomba lililojazwa maji lenye ncha ya kauri yenye vitundu vidogo. Udongo mkavu huvuta maji kupitia ncha hiyo, na geji huonyesha nguvu ya mvuto.

Vipande vya jasi na vihisi vya ukinzani. Nyaya mbili hupitisha umeme katika kipande kinachonyonya maji kutoka kwenye udongo. Kikilowa, umeme hupita kwa urahisi. Kikikauka, hupita kwa shida.

Vihisi vya dielektriki. Kundi hili linatumia tofauti kubwa iliyopo kati ya maji na vitu vingine vya udongo katika uga wa umeme. Kipimo cha dielektriki cha maji ni takriban 80, cha chembe kavu za madini ni takriban 3 hadi 5, na cha hewa ni 1. Hivyo maji machache tu hubadilisha kipimo cha udongo mzima. Katika njia ya TDR, wimbi la umeme hutumwa kwenye vyuma vilivyochomekwa ardhini na muda wa kurudi kwake hupimwa. Mwaka 1980 G. C. Topp na wenzake nchini Kanada walichapisha mlinganyo unaobadilisha muda huo kuwa asilimia ya unyevu. Mlinganyo huo bado unatumika. Vihisi vya kapasitansi hufuata kanuni ya karibu na hiyo na ni vya bei nafuu zaidi, lakini huathiriwa zaidi na chumvi na joto.

Setilaiti. Setilaiti ya SMOS ya Shirika la Anga la Ulaya ilirushwa tarehe 2 Novemba 2009, na SMAP ya NASA tarehe 31 Januari 2015. Zote mbili hupokea mawimbi mikro yanayotoka ardhini, na hukadiria unyevu wa sentimita 5 hivi za juu. Kipimo kimoja huwakilisha eneo la takriban kilomita 40 kwa 40, yaani hekta 160,000.

Karagwe na Kyerwa

Karagwe na Kyerwa ni wilaya jirani za magharibi mwa mkoa wa Kagera. Kyerwa ilianzishwa mwaka 2012 kutokana na wilaya ya Karagwe. Katika sensa ya mwaka huo Karagwe ilikuwa na wakazi 332,020 na Kyerwa 321,026. Mto Kagera unaitenganisha Kyerwa na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini. Wenyeji wengi ni Wanyambo. Zao kuu la chakula ni ndizi. Maharage na mahindi hupandwa pia, na kahawa ndilo zao la biashara linalojulikana zaidi. Shamba la migomba linalozunguka nyumba huitwa kibanja. Humo migomba, kahawa na maharage hukua pamoja, na mbolea ya samadi na mabaki ya jikoni huwekwa hapo kuliko kwenye mashamba ya mbali.

Mvua hunyesha kwa misimu miwili: masika, takriban Machi hadi Mei, na vuli, takriban Septemba hadi Desemba. Kiangazi kirefu ni Juni hadi Agosti. Sehemu nyingi hupata takriban milimita 800 hadi 1,200 kwa mwaka, na miinuko hupata zaidi ya mabonde.

Kiasi hicho kina maana kubwa kwa mgomba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutokana na majaribio ya nchini Uganda, yakiwemo ya Mbarara na Ntungamo ng'ambo ya Mto Kagera, ulionyesha kwamba kila upungufu wa milimita 100 za mvua ulipunguza uzito wa mkungu kwa asilimia 8 hadi 10. Palipo na mvua chini ya milimita 1,100 kwa mwaka, hasara ya ukame ilikadiriwa kuwa asilimia 20 hadi 65 ikilinganishwa na maeneo yenye mvua nyingi. Vibanja vingi vya Karagwe na Kyerwa viko karibu na mpaka huo au chini yake. Kwa hiyo ukame hauonekani tu katika mwaka wa njaa. Hupunguza mikungu hata katika mwaka unaoitwa wa kawaida.

Udongo wa eneo hili haufanani kila mahali. Utafiti wa mbolea ya mboji uliofanywa Karagwe na kuchapishwa mwaka 2016 katika jarida la SOIL ulihusu udongo wa aina ya andosoli, ambao asili yake ni majivu ya volkeno. Udongo huo ni mwepesi, una vitundu vingi na hushika maji mengi. Mlinganyo wa Topp, uliotokana na udongo wa madini wa kawaida, huelekea kuonyesha unyevu mdogo kuliko uliopo katika udongo wa namna hiyo. Kihisi kilichonunuliwa dukani kinaweza kusema shamba ni kavu wakati si kavu. Dawa yake ni kukisahihisha kwa sampuli za udongo wa mahali penyewe zilizokaushwa katika tanuri.

Faida kwa kilimo cha kutegemea mvua

Mara nyingi upimaji wa unyevu huhusishwa na umwagiliaji. Mfano wa Tanzania ni skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa, ambako kuanzia mwaka 2013 mradi uliofadhiliwa na Australia, ukishirikiana na Chuo Kikuu Ardhi, uliwapa wakulima kifaa kiitwacho Chameleon. Kifaa hicho huonyesha rangi badala ya namba: buluu ni udongo uliolowa, kijani ni unyevu wa kati, nyekundu ni ukavu. Wakulima walipoona buluu katika kina cha chini, walipunguza zamu za kumwagilia. Maji zaidi yakabaki kwa wenzao wa mwisho wa mfereji, na mbolea haikuoshwa kwenda chini.

Karagwe na Kyerwa wakulima wengi hawana mfereji. Hata hivyo kipimo kina kazi nne:

1. Kuamua siku ya kupanda. Mvua ya kwanza ya Septemba inaweza kulowesha sentimita chache tu za juu. Mkulima akipanda maharage hapo na jua likarudi, mbegu hupotea.
2. Kupima faida ya matandazo. Vihisi viwili, kimoja chini ya matandazo na kingine mahali patupu, huonyesha tofauti ya siku ambazo udongo unabaki na maji.
3. Kutenganisha kiu na ugonjwa. Mnyauko wa bakteria wa migomba, uliothibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006, hufanya majani yawe ya njano na kunyauka. Ikiwa udongo una maji ya kutosha na mgomba unanyauka, ugonjwa unapaswa kuchunguzwa mara moja.
4. Kutoa tahadhari. Vipimo vya shambani vikiunganishwa na utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) husaidia halmashauri kutambua mapema kata zinazoelekea upungufu wa chakula.

Kuandaa kongamano la kisayansi

Kongamano la kisayansi ni mkutano ambao watafiti huwasilisha matokeo yao, huyajadili na hukubaliana juu ya mbinu. Teknolojia ya unyevu wa udongo imenufaika na mikutano ya namna hiyo. Mfano ni ule wa TDR uliofanyika Evanston, Marekani, mwezi Septemba 1994, uliowakutanisha wataalamu wa mazingira, miundombinu na migodi.

Maandalizi huanza kwa kuunda kamati na kuchagua swali moja kuu. Kamati hutangaza mwito wa muhtasari wa mada, kisha kila muhtasari husomwa na wataalamu wasiomjua mwandishi. Kwa kawaida kazi hii huhitaji miezi tisa hadi kumi na miwili. Kwa Karagwe na Kyerwa, washiriki wa lazima ni pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), yenye kituo Maruku karibu na Bukoba na kituo cha utafiti wa udongo Mlingano mkoani Tanga, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro, TMA, maofisa ugani wa halmashauri zote mbili, na chama kikuu cha ushirika cha KDCU, ambacho wanachama wake ni vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa.

Mambo yafuatayo huamua kama kongamano litafaa:

- Wakati. Mwisho wa Agosti hadi Septemba unafaa, kwa sababu udongo uko katika kilele cha ukavu na mvua za vuli zinakaribia. Vihisi huonekana vikipita kutoka ukavu hadi unyevu. Wakati wa mavuno ya kahawa au wa kupanda, wakulima hawapatikani.
- Vibali. Mtafiti kutoka nje ya nchi anayekusanya data huhitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Uongozi wa mkoa, wilaya, kata na kijiji hupewa taarifa kabla ya kuingia shambani.
- Siku ya shambani. Vihisi vya aina mbalimbali huchomekwa katika kibanja kimoja, na sampuli hutolewa kwa ajili ya tanuri. Hivyo makosa ya kila kifaa huonekana wazi mbele ya wote.
- Lugha. Mada zikitolewa kwa Kiingereza tu, wenye mashamba hubaki watazamaji. Muhtasari wa Kiswahili na mkalimani wa Kinyambo katika ziara ya shambani huwapa nafasi ya kuuliza na kupinga.
- Data. Mahali lilipo shamba la mtu ni taarifa inayomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inapaswa kuzingatiwa, na mkulima aelezwe data zitakwenda wapi. Vipimo vinaweza kuchangwa katika Mtandao wa Kimataifa wa Unyevu wa Udongo (ISMN), ambao una vituo vichache barani Afrika kuliko Ulaya na Marekani ya Kaskazini.

Changamoto

Tatizo la kwanza ni ukubwa wa eneo. Kibanja mara nyingi hakifiki hekta moja, ilhali kipimo kimoja cha setilaiti hufunika mlima, bonde, kinamasi na maelfu ya vibanja kwa pamoja. Bila vihisi vya ardhini, hakuna njia ya kujua kama namba ya setilaiti ni sahihi kwa eneo la vilima. Aidha setilaiti huona sentimita 5 za juu, na mizizi ya mgomba iko chini zaidi.

Tatizo la pili ni matunzo. Fuko na panya hutafuna nyaya, mchwa huingia katika visanduku, betri huibwa, na nafasi ndogo ya hewa kati ya kihisi na udongo huharibu kipimo. Vituo vingi hunyamaza mradi unapoisha kwa sababu hakuna aliyepewa wajibu wala fedha za kununua betri.

Tatizo la tatu ni kurudisha matokeo. Data zikiishia katika majarida ya nje, mkulima aliyetoa ardhi yake hapati chochote. Kwa sababu hiyo kongamano lililoandaliwa vizuri hupanga tangu mwanzo nani atabaki na vifaa, nani atasoma vipimo baada ya wageni kuondoka, na kwa njia gani taarifa zitamfikia mkulima kabla ya siku ya kupanda.