Mboga na Kitoweo: Habari za Chakula cha Kariakoo

Lugha yetu haikutunga jina la neno moja kwa mtu asiyekula nyama, lakini ilitunga majina mengi kwa vitu anavyoweza kula. Mchicha, kisamvu, matembele, mnavu, mlenda na bamia ni mboga. Kunde, mbaazi, choroko, dengu na maharage ni jamaa wa ukoo mmoja. Pwani, neno kitoweo huelekea zaidi samaki na nyama. Bara, watu wengi huita mboga kila kitu kinachosindikiza ugali, hata nyama yenyewe. Matumizi hayo yanatofautiana, lakini fikira iliyo ndani yake ni moja, nayo ni kwamba wali au ugali peke yake si chakula kamili mpaka upate mwenziwe. Nataka kuonyesha, kwa habari za mtaa mmoja wa Dar es Salaam, kwamba faida ya kula bila nyama haitoki katika kuiondoa nyama tu. Hutoka katika kitu kinachowekwa mahali pake.

Jina la Kariakoo lenyewe ni ushahidi. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, Waingereza walikuwa na jeshi la wapagazi, na ndimi zetu zikaligeuza jina la Kiingereza la jeshi hilo kuwa Kariakoo. Mji ulipotekwa mwaka 1916, wapagazi walipiga kambi mahali hapo. Walichukua vichwani risasi na vyakula vya askari, wakavuka mito na vinamasi, na makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao. Wengi waliuawa na maradhi kuliko risasi. Posho yao ilikuwa hasa unga wa mahindi. Mara nyingi ulisagwa vibaya, ukapikwa kwa haraka, ukaliwa nusu mbichi. Watu waliozoea ndizi, mchele, au mtama kwa kunde, matumbo yao hayakuustahimili, na kuhara damu kukawamaliza. Ukizitazama sahani zao, nyama ilikuwa haba sana. Je, nani atathubutu kusema kwamba walipata faida kwa kuikosa? Hili ni funzo la kwanza, nalo ni chungu: kukosa nyama ni jambo moja, na kula vema bila nyama ni jambo jingine.

Vita vilipokwisha, jengo lililosimamishwa hapo na Wajerumani lilifanywa soko mwaka 1923. Wakulima wa Uzaramo wakaleta muhogo na kisamvu chake, nazi, kunde na matunda ya majira. Wakati huo serikali ya Kiingereza iliugawa mji mafungu matatu: Wazungu karibu na bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawekwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Lakini uwanja ulioweza kutenga nyumba haukuweza kutenga vyungu. Upande wa Kisutu waliishi Wahindu wengi wenye asili ya Gujarat, na Majaini, ambao imani iliwakataza nyama. Walikula dengu, choroko na mbaazi kwa wali na chapati, pamoja na maziwa na mtindi. Upande wa Kariakoo, watu walikula choroko za nazi, kunde za nazi, na mbaazi za nazi kwa maandazi asubuhi. Mmoja aliacha nyama kwa ibada, wa pili aliikosa kwa kipato. Walakini wote wawili walifikia hekima moja ya jikoni, yaani kuoanisha nafaka na jamii ya kunde. Sayansi ya leo inaeleza sababu yake: protini ya nafaka ina upungufu ambao kunde huujaza, na ya kunde ina upungufu ambao nafaka huujaza. Mama zetu hawakuijua kemia, lakini walikijua chungu.

Wataalamu wa zama za ukoloni hawakuuona ukweli huu upesi. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walitoa taarifa mashuhuri juu ya Wamasai na Wakikuyu wa Kenya. Wamasai, wanywaji wa maziwa na walaji wa nyama, walionekana warefu na wenye nguvu zaidi. Wakikuyu, walaji wa nafaka na viazi, walionekana dhaifu zaidi. Msomaji wa haraka angeweza kukata shauri kwamba mimea ni chakula cha unyonge. Lakini ndani ya taarifa hiyo hiyo lilikuwamo jambo lililostahili kupewa uzito zaidi. Wanawake wa Kikuyu walikula majani ya mboga ambayo wanaume hawakuyajali, na afya yao haikupitwa sana na ya wanawake wa Kimasai. Basi kosa halikuwa la mimea. Lilikuwa la sahani ya mimea iliyopungukiwa na majani.

Ushahidi wa upande wa pili ulitoka Uganda. Hugh Trowell na Denis Burkitt, madaktari waliotibu watu Mulago, Kampala, kwa miaka mingi, waliona kwamba maradhi yaliyojaa Uingereza yalikuwa adimu huko: uvimbe wa kidole tumbo, saratani ya utumbo mpana, maradhi ya mishipa ya moyo. Mwaka 1975 walitoa kitabu kilichotaja makapi ya chakula, ambayo sasa tunayaita nyuzinyuzi, kuwa ngao kubwa ya mwili. Nyuzinyuzi hazimo katika nyama. Zimo katika kunde, majani, matunda na nafaka isiyokobolewa. Na mwaka 2015 tawi la Shirika la Afya Duniani linaloshughulikia saratani lilitamka kwamba nyama iliyosindikwa, kama vile soseji, husababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba nyama nyekundu yaelekea kuisababisha.

Haki yanitaka niseme na upande wa hatari. Vitamini B12 haipatikani kwa kutegemewa katika mimea; asiyegusa nyama, samaki, mayai wala maziwa hana budi kuitafuta katika vidonge au vyakula vilivyoongezwa. Madini ya chuma yaliyomo katika majani huingia mwilini kwa shida, ila yakisaidiwa na limau, chungwa au embe. Mtoto anayelishwa uji mtupu hana faida yoyote ya kujivunia. Tena mboga iliyomwagiliwa maji machafu ya bonde la Msimbazi yaweza kuleta sumu mahali pa siha.

Mwaka huo huo wa 1975 ulikuwa na mambo mengine mawili kwetu. Serikali iliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai, na Kariakoo likafunguliwa soko jipya lililochorwa na msanifu majengo Beda Amuli, soko lile lile lililounguzwa na moto tarehe 10 Julai 2021. Nililijua soko hilo katika miaka ya 1980, miaka ya dhiki, nikimfuata marehemu mama yangu kununua mafungu ya mchicha. Tukiwa na matembele motoni na mgeni akabisha hodi, mama aliisukuma sufuria uvunguni mwa meza. Hakuona aibu kwa sababu chakula kilikuwa kibaya. Aliona aibu kwa sababu kilikuwa rahisi. Baba yangu alipopandishwa mshahara tuliacha matembele tukanunua nyama kila siku, na wali ukawa mweupe zaidi. Alikufa kwa maradhi ya moyo kabla ya kustaafu. Sidai kwamba nyama ilimwua, kwa kuwa kifo cha mtu mmoja si hoja ya elimu. Ninachojua ni kwamba tulikiacha chakula chema kwa kuogopa macho ya majirani.

Wanafunzi wangu leo hunong'ona vivyo hivyo wakipewa kunde, na kuinua sauti wakiagiza chipsi na mishkaki. Simkatazi mtu nyama yake. Naomba tu aliyekula kunde na mchicha asijidhani maskini. Wapagazi walioupa mtaa huu jina walikufa wakila unga bila mboga. Sisi tunapita kila siku katikati ya mboga zilizopangwa mafungu mafungu, kwa bei ambayo wengi wetu tunaimudu, na kinachotuzuia mara nyingi si mfuko, ni haya.