Lonrho: mkono mtupu haulambwi

Waulize wazee waliofanya kazi maofisini Dar es Salaam, Nairobi, Lusaka au Blantyre miaka ya 1960 na 1970 ni kampuni gani ya wageni iliyokuwa na sauti hadi ikulu. Si ajabu wakakutajia Lonrho.

Sisi tuliozaliwa baadaye tunalisikia jina hilo kwa mbali, kama majina ya zamani ya mitaa. Mimi nililikuta kwa sababu ya kazi yangu. Nilitaka kujua magazeti ya Afrika Mashariki yalikuwa mali ya nani miaka ile ya uhuru. Kila nilipovuta uzi, mwisho wake ulikuwa mkononi mwa kampuni hiyo hiyo.

Tunaambiwa kampuni kubwa hukua kwa mtaji, utaalamu na bidii. Sawa, sibishi. Lakini ukiisoma historia ya Lonrho utaona kwamba mali yake kubwa kuliko zote haikuandikwa kwenye vitabu vya hesabu. Mali hiyo ilikuwa urafiki na wakubwa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na Lonrho haikwenda kwa mkubwa yeyote mikono mitupu. Swali langu leo ni moja: gharama za urafiki huo alizilipa nani?

KADOGO ANAINGIA

Lonrho ilisajiliwa London mwezi Mei 1909. Jina lake kamili lilikuwa London and Rhodesian Mining and Land Company. Jina lenyewe linajieleza: fedha ziko London, ardhi na madini viko Rhodesia. Kwa miaka hamsini hivi ilikuwa kampuni ya kawaida ya kikoloni, yenye migodi na mashamba ya ng'ombe, na haikumtisha mtu.

Mambo yalibadilika mwaka 1961 alipoingia mtu aliyeitwa Tiny Rowland. Jina lake la kuzaliwa ni Roland Walter Fuhrhop. Alizaliwa mwaka 1917 nchini India, kambini, ambako Waingereza walikuwa wamewafungia wazazi wake kwa sababu baba yake alikuwa Mjerumani na vita kuu ya kwanza ilikuwa inaendelea. Tiny maana yake ni Kadogo, ingawa mwenyewe alikuwa pandikizi la mtu. Alihamia Rhodesia mwaka 1948, akafanya kilimo na biashara, kisha akaziingiza biashara zake ndani ya Lonrho na kupewa hisa na kiti cha juu katika uongozi.

Sasa uangalie vizuri mwaka huo. Mwaka 1961 Tanganyika inapata uhuru. Kenya inafuata 1963, Malawi na Zambia 1964. Wazungu wengi wenye mali wanaingiwa na hofu, wanauza na kuondoka. Rowland akafanya kinyume chake. Wenzake walipouza, yeye alinunua. Wenzake walipowanunia viongozi wapya Waafrika, yeye alikwenda kuwabishia hodi.

Miaka michache tu baadaye Lonrho ilikuwa kila mahali. Malawi ililima miwa na kutengeneza sukari. Zambia ilikuwa na gazeti na ilipika Chibuku, ile pombe ya nafaka ambayo watu wa huko wanaijua vizuri. Eldoret, Kenya, ilikuwa na mashamba ya miwati, miti ambayo magome yake hutumika kulainisha ngozi. Mwaka 1968 ilinunua Ashanti Goldfields ya Ghana, wenye mgodi mkubwa wa dhahabu wa Obuasi. Kampuni tanzu zilihesabika kwa mamia.

Wakati huo huo haikuondoka Rhodesia wala Afrika Kusini. Ilijenga bomba la mafuta kutoka bandari ya Beira, Msumbiji, hadi Umtali, mji ambao leo unaitwa Mutare. Bomba lilianza kazi mwaka 1965. Novemba mwaka huo huo Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi, vikwazo vikaja, na manowari za Uingereza zikaweka doria nje ya Beira. Bomba likabaki tupu. Lonrho baadaye iliyashitaki makampuni makubwa ya mafuta ikidai yaliendelea kuipelekea Rhodesia mafuta kwa njia za panya. Lakini yenyewe pia haikuacha kuwa na mali katika nchi hiyo. Mguu mmoja ulikuwa Lusaka na mwingine Salisbury, na yote miwili ilikuwa inatembea.

MAGAZETI

Hapa ndipo paliponigusa mimi.

Gazeti la Standard la Kenya lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee. Baadaye likauzwa na kuhamia Nairobi. Kundi hilo ndilo lililoleta Tanganyika Standard hapa Dar es Salaam mwaka 1930, na mwaka 1939 likaanzisha Baraza, gazeti la Kiswahili la kila wiki. Katika miaka ya 1960 Lonrho ikalimeza kundi zima. Yaani katika nchi mbili huru, magazeti makubwa yalikuwa na mwenye mali mmoja, na mwenye mali huyo alikuwa na mashamba, magari na mikataba ya kulinda.

Tarehe 5 Februari 1970 Mwalimu Nyerere akalitaifisha Standard la Dar es Salaam. Mhariri akawekwa Frene Ginwala, mpigania uhuru wa ANC aliyekuwa uhamishoni, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini. Mwalimu alieleza kwamba gazeti litakuwa na uhuru wa kukosoa utekelezaji wa mambo ya serikali. Mwaka uliofuata Ginwala akaondolewa baada ya tahariri iliyomshambulia Rais Nimeiry wa Sudan. Mwaka 1972 gazeti likaunganishwa na The Nationalist, likazaliwa Daily News. Mwenye gazeti alibadilika, lakini swali la nani ana neno la mwisho juu ya tahariri lilibaki mezani.

Kenya hali ilikuwa tofauti. Huko Lonrho ilibaki na gazeti lake, na ilijua mlango upi wa kubisha. Enzi za Mzee Kenyatta, mwenyekiti wa Lonrho Afrika Mashariki alikuwa Udi Gecaga, mkwe wa rais. Mzee alipofariki Agosti 1978, upepo ukageuka, na Gecaga naye akapoteza nafasi yake. Baadaye aliyeonekana kwenye uongozi wa juu wa kampuni ni Mark Too, mtu wa karibu wa Rais Moi. Rais akibadilika, na mtu wa Lonrho anabadilika. Mwaka 1982 mhariri mkuu wa Standard, George Githii, aliandika tahariri kupinga watu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Akafukuzwa kazi.

Usidhani hayo ni ya Afrika tu. Mwaka 1981 Lonrho ilinunua The Observer, gazeti la heshima la London. Mwaka 1984 mhariri wake, Donald Trelford, alikwenda Zimbabwe na kuandika juu ya mauaji ya raia Matabeleland. Rowland, mwenye gazeti, alimwandikia Robert Mugabe kumwomba radhi, akaondoa matangazo ya Lonrho kwenye gazeti lake mwenyewe, na akatishia kuliuza. Trelford alisimama imara, akabaki kazini. Lakini fikiria: watu wanauawa vijijini, na mwenye gazeti anaomba radhi kwa sababu wametajwa!

LONDON WANASHANGAA

Mwaka 1973 wakurugenzi wanane wa Lonrho walijaribu kumng'oa Rowland. Kesi ikaenda mahakamani na siri zikamwagika. Ilijulikana kwamba Duncan Sandys, aliyewahi kuwa waziri wa makoloni wa Uingereza, alipangiwa malipo makubwa kupitia visiwa vya Cayman ili kukwepa kodi. Waziri Mkuu Edward Heath alisimama bungeni akasema hiyo ni sura isiyopendeza na isiyokubalika ya ubepari. Maneno hayo yanakumbukwa mpaka leo.

Mwisho wake? Mwezi huo huo wa Mei wanahisa walikutana London na kupiga kura. Rowland akashinda kwa kishindo, wale wanane wakaondolewa. Wanahisa walikuwa wanapata gawio, na anayepata gawio mara nyingi haulizi limepikwa jiko gani. Kumbuka tu kwamba hata kwao, waziri wa zamani alikuwa na bei. Tunapoambiwa rushwa ni ugonjwa wa Waafrika, tuikumbuke Lonrho ya 1973.

MWALIMU ANASEMA BASI

Juni 1978 Tanzania iliitaka Lonrho ifunge virago. Sababu iliyotolewa ni kwamba kampuni hiyo ilikuwa inahujumu ukombozi wa kusini mwa Afrika kwa mwenendo wake Rhodesia na Afrika Kusini. Rowland alikuwa akimfadhili Joshua Nkomo na kujaribu kupanga nani awe nani katika Zimbabwe ijayo, huku kampuni yake ikivuna kwa walowezi.

Je, Mwalimu alikosea? Wako wanaosema tulijichoma wenyewe, kwa sababu mashirika mengi ya umma yaliyopokea mali za wageni yalikuja kuyumba, na fidia bado ilibidi ilipwe. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mimi naona pia jambo jingine. Katika nchi zote ambazo Lonrho ilikuwa rafiki wa rais, hapa ilikutana na rais ambaye urafiki wake haukununulika kwa njia ile. Hilo nalo ni sehemu ya historia.

Kwa haki ni lazima niseme kwamba Rowland hakuwa shetani tu. Wapo Waafrika aliowapa vyeo na heshima wakati makampuni mengine ya Kizungu yaliwaona ni matarishi. Mwaka 1996 Nelson Mandela alimpa nishani ya Order of Good Hope. Alifariki London Julai 1998, akiwa ameshaondolewa kwenye kampuni yake mwenyewe na mshirika aliyemkaribisha ndani, Mjerumani Dieter Bock.

KILICHOBAKI

Bila Rowland, himaya ilikatwa vipande. Sukari iliuzwa kwa Illovo ya Afrika Kusini mwaka 1997. Standard ya Nairobi ilikuwa imeshauzwa 1995, kwa watu waliotajwa kuwa karibu na Rais Moi. Mwaka 1998 biashara za Afrika zilitengwa zikaitwa Lonrho Africa, ambayo mwaka 2013 ilinunuliwa na matajiri wa Uswisi. Migodi ikabaki na kampuni mama, iliyobadili jina mwaka 1999 ikawa Lonmin. Sehemu ile ya Rhodesia ikafutika kwenye jina.

Na Lonmin ndiyo ilikuwa na mgodi wa platinamu wa Marikana.

Agosti 2012 wachimbaji wa Marikana waligoma wakidai mshahara wa randi 12,500 kwa mwezi. Watu 10 waliuawa katika siku za mwanzo, wakiwemo polisi wawili na walinzi wawili. Tarehe 16 Agosti polisi waliwafyatulia risasi wagomaji, wakaua 34. Katika bodi ya Lonmin alikuwamo Cyril Ramaphosa, kiongozi wa zamani wa chama cha wachimbaji, mwanasiasa mkubwa wa ANC na mwenye hisa, ambaye mwaka 2018 alikuja kuwa rais. Tume ya Jaji Farlam, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 2015, ilisema tuhuma kwamba yeye ndiye aliyesababisha mauaji hazina msingi. Hilo tuliheshimu. Lakini tume hiyo hiyo iliangalia ahadi ya Lonmin ya kuwajengea wafanyakazi nyumba 5,500. Zilizojengwa zilikuwa 3. Tatu, tena za mfano!

Hapo ndipo jibu la swali langu lilipo. Gharama za urafiki wa mezani hulipwa na wasiokuwepo mezani. Hulipwa na mhariri anayefukuzwa kwa tahariri moja, na mwanakijiji wa Matabeleland ambaye kifo chake kinaombewa radhi kwa rais. Hulipwa pia na mchimbaji anayeishi kwenye banda la mabati juu ya utajiri wa dunia.

Mwaka 2019 Lonmin ilinunuliwa na Sibanye-Stillwater, na jina hilo nalo likazikwa. Makampuni yana raha hiyo: yakichafuka hubadili jina. Wajane wa Marikana hawana jina jingine la kubadili.

Kwa hiyo siku ukisikia mwekezaji mkubwa amefika na kupokelewa kwa zulia jekundu, usiishie kwenye takwimu za mtaji alioutaja. Tafuta orodha ya bodi yake. Nani mkwe wa nani? Nani alikuwa waziri juzi? Gazeti linalomsifu ni la nani? Sisi waandishi tukishindwa kuuliza hayo, basi tujue na sisi tumeshakaribishwa mezani.