Mke na mwanafunzi chini ya ufito mmoja: adhabu na elimu ya wanawake katika shule za jadi za Uhindi

Katika sura ya nane ya Manusmriti, kitabu cha sheria cha Wahindu kilichotungwa kwa Kisanskriti karibu miaka elfu mbili iliyopita, wametajwa kwa pamoja watu wanaoruhusiwa kupigwa wakikosa: mke, mwana, mtumwa, mwanafunzi na ndugu mdogo. (Mahali pa mwanafunzi nakala nyingine zinasoma mtumishi, lakini sura ya nne yamtaja mwanafunzi waziwazi.) Wapigwe kwa kamba au kwa ufito wa mwanzi, mgongoni tu, kamwe si kichwani. Apitaye mpaka huo huhesabiwa hatia ya mwizi.

Wataalamu wengi wameisoma sheria hii kama habari ya adhabu tu. Sisi twaona kwamba orodha yenyewe ndiyo ya kutazamwa. Kwa nini mke asimame karibu na mwanafunzi?

Jibu limo katika sura ya pili ya kitabu hicho hicho. Mvulana wa Kibrahmani, afikapo umri wa miaka minane hivi, huvikwa uzi mtakatifu na kuhamia nyumbani kwa mwalimu wake, guru. Huko huamka kabla ya mwalimu na kulala baada yake, huchanja kuni za moto wa ibada, huomba chakula nyumba kwa nyumba, hujinyima asali, nyama na manukato. Kwa msichana, chasema kitabu, ndoa ndiyo uzi wake mtakatifu. Kumtumikia mume ndiko kukaa kwa guru. Na kazi za nyumbani ndizo moto wake wa ibada. Basi wote wawili wako unyago. Tofauti ni kwamba mvulana siku moja huoga, hutoa zawadi kwa mwalimu, akarudi kwao akiwa mtu mzima. Unyago wa mke hauna siku ya kuoga.

Haikuwa hivyo daima, au walau si kwa wote. Upanishadi ya Brihadaranyaka yamwonyesha Gargi akimhoji Yajnavalkya mbele ya wenye hekima, hata akaonywa kwamba akizidi kuuliza kichwa chake kitaanguka. Lakini aliuliza tena.

Tukishuka hadi karne ya 19 twamkuta William Adam, Mskoti aliyetumwa na serikali ya Waingereza kuchunguza shule za Bengal na Bihar, akaandika ripoti tatu kati ya 1835 na 1838. Shule za vijijini zilikuwa za wavulana. Waliandika kwanza mchangani, kisha kwenye majani ya mvumo, kisha ya mgomba, mwisho kwenye karatasi. Habari za zama hizo zataja adhabu kali: kusimama kwa mguu mmoja, kubeba matofali mgongoni, kupakwa majani yawashayo.

Huko Nattore, katika wilaya ya Rajshahi iliyo leo Bangladesh, Adam alielezwa kwamba katika familia nyingi za Kihindu iliaminiwa kuwa msichana ajuaye kusoma na kuandika atakuwa mjane mara baada ya kuolewa. Hofu hiyo, asema, ilitunzwa zaidi na wanawake wenyewe. Hata hivyo wenye mashamba makubwa waliwafundisha binti zao kimyakimya, kusudi wakifiwa na waume wasije wakadhulumiwa mali. Ujane ule ule uliowatisha maskini ndio uliowapa matajiri sababu ya kufundisha!

Katika Bengal hiyo hiyo, Rassundari Devi, aliyeolewa akiwa na miaka 12, aliiba ukurasa wa kitabu cha dini akauficha jikoni, akalinganisha herufi zake na zile alizoandika mwanawe kwenye jani la mvumo. Hakuwa na guru yeyote. Mwaka 1876 alichapisha habari za maisha yake.

Savitribai Phule wa Pune alikuwa na njia nyingine. Aliolewa bila kujua kusoma, na aliyemfundisha ni mumewe Jyotirao. Kitabu cha Manu, ambacho Jyotirao alikipinga vikali, kilisema kwamba mume ndiye guru wa mke. Huyu alimpa mkewe herufi. Mwaka 1848 wawili hao walifungua shule ya wasichana mjini humo. Yasimuliwa kwamba Savitribai alikwenda kazini na sari ya pili mkobani, kwa kuwa ile aliyovaa ilichafuliwa njiani kwa matope na samadi.